Ndoo ya Nne

Usifungue kifuniko, mama. Bado ya moto.
Kaa hapo kwenye tairi tusubiri kidogo,
hapa Sae asubuhi ya Julai hakuna kinachochelewa kupoa,
chai yenyewe haifiki nusu kikombe.

Maji ya rejeta yalibadilishwa lini?
Akasema, marehemu alikuwa anaongeza tu.
Maji ni maji, ndivyo alivyosema Mwalimu Mwakibinga,
na dumu lake la njano halikutoka kwenye buti.

Nikalala chini, nikalegeza koki.
Kilichotoka kilikuwa uji wa ulezi,
mzito, wenye kutu, ukijikokota kuingia ndooni.

Mama Subilaga akachutama
akautazama kama mtu aliyeletewa barua.
Haya ya Ruaha Mbuyuni, akasema,
tulishanunua vitunguu, akakunja suruali akashuka mtoni.
Haya tuliomba Mafinga kwa wapasua mbao,
ya baridi, dumu likauma vidole.
Haya ya Igawa, usiku, lori limelala ubavu mbele yetu.
Ya Chimala sikushuka garini.
Tulikuwa tumenuniana.

Mimi ni fundi. Sikulipwa kusikiliza.
Nikamwita Lwitiko alete ndoo nyingine.

Mpira wa juu umevimba kama shavu la mwenye jino bovu.
Wa chini nikiubonyeza unalia majani makavu,
na klipu yake ni waya wa kufungia kuku.
Wotapampu imetoa machozi miaka mingi, kimyakimya,
ikaacha mchirizi mweupe wa chumvi kwenye chuma.
Springi ya kifuniko imekata tamaa.

Kisha nikafungua nyumba ya themostati:
tupu.
Nani aliitoa?
Fundi wa Dar. Alisema nchi ya joto haina haja nayo.

Mama, huku si kule.
Miaka tisa gari hili limetetemeka kila alfajiri,
likila mafuta halipati joto,
hita inapuliza upepo wa Loleza,
na nyinyi mmekaa humo mkidhani ndiyo Mbeya ilivyo.

Akanyamaza. Halafu akacheka, nusu.
Alikuwa ananipa koti lake, akasema.
Kila safari. Yeye anaendesha na shati.

Nikafunga themostati mpya, kijidude cha kuenea kiganjani,
nikajaza maji safi, nikawasha, nikasubiri, nikamwaga.
Ndoo ya pili, chai ya maziwa.
Ya tatu, chai ya rangi.
Ya nne nikaona kitako cha ndoo,
na juu yake uso wangu na kipande cha wingu.
Hapo basi, nikasema. Yametakata.

Ile ya kwanza iko wapi? akauliza.

Lwitiko alishaimwaga shimoni, nyuma ya choo.
Kijana alitazama viatu vyake.
Mimi nikatafuta spana ambayo nilikuwa nimeishika.

Tukamimina kulanti, kijani kama majani ya njegere.
Nikamfukuza mbwa wa jirani:
tamu hiyo, na inaua.
Hita juu kabisa, mkono wangu ukikamua mpira
kama anayekamua ng'ombe mgeni,
mapovu yakapanda, makubwa, madogo,
hadi hewa ikaisha.
Mshale ukapanda polepole, ukafika katikati, ukakaa.

Mama aliingia akafunga mlango.
Nikamwona kupitia kioo anavua kiatu kimoja,
anasogeza mguu kwenye tundu la hita,
anavua na cha pili.
Alikaa hivyo muda mrefu. Petroli ni yake.

Kwa desturi narudisha spea za zamani
ili mteja asije akasema nimemuuzia maneno.
Wotapampu hakuitaka, wala kifuniko.
Akachukua mpira wa chini, uliopasuka,
wenye tope lililoganda ndani ambalo maji hayakulifikia,
akaziba ncha zote mbili kwa mifuko ya nailoni,
akaulaza kwenye kiti cha mbele,
upande wake wa zamani.

Nikamwambia arudi baada ya wiki
nikaze klipu.
Mpira mpya hulegea kidogo ukishazoea joto.